Pampu Inayowaka na Kuzima Haijachoka

Pampu ya maji ya nyumbani ikianza kuwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, jibu huwa tayari kabla swali halijaisha: imechoka. Fundi bomba anasimama kando ya tangi, anaisikiliza ikinguruma, ikinyamaza, ikinguruma tena, kisha anamgeukia mwenye nyumba. "Hii imechoka, mama. Ni ya nusu hospawa, na nyumba imeongezeka vyoo. Tuweke ya hospawa moja, utasahau habari ya maji." Muuza duka la vifaa anakubaliana naye. Shemeji aliyejenga Goba mwaka juzi anakubaliana naye. Pampu inang'olewa.

Hukumu hiyo ina vipande viwili: kwamba pampu imechoka, na kwamba dawa yake ni pampu kubwa zaidi. Cha kwanza karibu kila mara si kweli. Cha pili kinaongeza ugonjwa.

Pampu haijizimi kwa hiari yake. Kinachoizima ni swichi ya presha, kile kiboksi kidogo chenye waya kinachokaa kwenye bomba karibu na geji. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa ziwashe presha ikishuka hadi bar 1.4 na zizime ikifika bar 2.8, yaani 20 na 40 kwa kipimo kile kile wanachokitumia vijana wa kujaza upepo wa matairi. Swichi hii haihesabu muda, wala haina habari kama pampu ni mpya au ya miaka kumi. Inajua presha tu. Ikizima, maana yake pampu imeyafikisha maji kwenye bar 2.8.

Sasa itazame pampu iliyochoka kweli. Maji ya kisima yenye mchanga yamelila gurudumu lake la ndani, lile linalosukuma maji, na nafasi kati ya gurudumu na kasha imepanuka. Inazunguka na kupiga kelele kama kawaida, lakini presha inapanda hadi bar 2 na kukwama hapo. Swichi inaisubiri bar 2.8 isiyokuja. Pampu hiyo haizimi! Itanguruma mfululizo hata koki zote za nyumba zikiwa zimefungwa, mpaka maji yaliyonaswa ndani yake yapate moto. Pampu inayozima kila baada ya sekunde tatu inaonyesha kinyume cha uchovu. Nguvu inayo, tatizo ni kwamba kazi iliyopewa ni ndogo mno, inaimaliza kabla haijaanza sawasawa.

Ipo hali moja inayofanana na hii kwa mbali, na haki inanitaka niitaje. Mota nyingi za nyumbani zina kinga ya joto ndani yake: ikichemka sana, inakata umeme, ikipoa, inarudisha. Umeme ukiwa hafifu, kapasita ikiwa imelegea au mhimili ukiwa umekaza kwa kutu, pampu itazima na kuwaka kwa sababu hiyo. Lakini mapumziko yake ni ya dakika nyingi, kasha la mota halishikiki kwa mkono, na geji inaonyesha kwamba haikuwa imefika presha ya kuzimia. Mtu hawezi kuzichanganya hali hizi mbili akiwa ameangalia geji. Tatizo ni kwamba watu wengi husikiliza tu, na wengine geji yao ilikufa siku nyingi, kioo kimejaa ukungu na mshale umelala kwenye sifuri. Kama yako iko hivyo, badilisha hiyo kwanza. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya pampu.

Kwa nini basi kazi inakuwa ndogo? Jibu la mara nyingi liko ndani ya lile tangi la chuma, jekundu au la buluu, ambalo pampu imefungwa juu yake. Watu wengi wanaamini ni tangi la kuhifadhia maji. Wengine huliona kama kiti tu cha pampu. Kumbe sehemu kubwa ya tangi lile inapaswa kuwa na hewa. Ndani mna mpira. Upande mmoja wa mpira kuna maji, upande wa pili kuna hewa iliyojazwa kiwandani. Pampu inaposukuma maji, hewa inabanwa. Unapofungua koki, hewa iliyobanwa ndiyo inayoyasukuma maji hadi bafuni wakati pampu imenyamaza. Hakuna namna nyingine, kwa sababu maji yenyewe hayabanwi kwa kiasi chochote cha maana.

Robert Boyle alichapisha kanuni ya jambo hili mwaka 1662: hewa ukiibana hadi nusu ya ujazo wake, presha yake inakuwa maradufu. Kwa kanuni hiyo, tangi la kawaida la lita 24 lililojazwa hewa vizuri litatoa lita 8 hivi za maji kati ya bar 2.8 na bar 1.4. Hizo lita 8, chini ya nusu ya ndoo kubwa, ndiyo mapumziko yote ya pampu yako. Hewa ikipungua, nazo zinapungua. Na hewa hupungua: inapenya kwenye mpira polepole, mwezi hadi mwezi, bila mtu kukosea kitu. Mpira ukichanika, maji yanajaa pande zote mbili na tangi zima linageuka kuwa bomba nene tu. Hapo ukifungua koki hata kidogo, presha inaanguka papo hapo, pampu inawaka. Ndani ya sekunde mbili presha imepanda, pampu inazima.

Kipimo chake hakihitaji kifaa cha maabara. Upande wa nyuma wa tangi, mkabala na bomba, kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Kifungue. Chini yake utakuta kinywa cha kujazia upepo kile kile kilichoko kwenye tairi la gari. Bonyeza pini yake kwa ncha ya ufunguo. Yakitoka maji, mpira umechanika. Mpira huo huuzwa peke yake na hubadilishwa kwa kufungua bolti chache kwenye mdomo wa tangi. Ikitoka hewa kidogo au isitoke kitu, tangi linataka upepo.

Hapa ndipo hata mafundi wazuri wanapoteleza. Hupima upepo tangi likiwa na maji, wanasoma 30, wanasema upepo upo. Kipimo hicho hakina maana, kwa sababu kinaonyesha presha ya maji yanayoibana hewa, na presha hiyo itakuwa 30 hata kama hewa iliyobaki ni ya kujaza kikombe. Namna sahihi ni kuzima umeme wa pampu, kufungua koki ya chini kabisa hadi maji yakatike kabisa, na kuiacha wazi. Kisha pima. Kwa swichi ya 20 na 40, upepo uwe 18, pungufu kidogo ya presha ya kuwashia. Ukikuta 5, chukua pampu ya baiskeli. Kwa tangi la lita 24 utatoka jasho kiasi, lakini utamaliza. Kijana wa mtaani mwenye kompresa atakumalizia kwa bei ya tairi moja. Kuna nyumba zinazobadilisha pampu wakati kilichohitajika kilikuwa hicho tu.

Tangi likiwa zima na upepo upo, lakini pampu bado inawaka usiku watu wamelala, maji yanakwenda mahali. Ama yanavuja ndani ya nyumba, ama yanarudi yalikotoka. Kuna kipimo kimoja kinachotenganisha njia hizi mbili, na nashangaa jinsi kinavyofanywa mara chache. Acha pampu ifike presha yake izime. Funga valvu kubwa iliyo kati ya tangi la presha na nyumba. Kisha simama utazame geji kwa dakika kumi. Mshale ukitulia palepale, pampu na vifaa vyake vyote havina kosa. Uvujaji uko ndani ya nyumba. Mshale ukishuka na hakuna unyevu kuzunguka pampu, maji yanarudi nyuma kupitia valvu ya njia moja, ile inayokaa upande wa kuvuta maji ili yakishapita yasirudi.

Valvu hiyo ni kitu kidogo: sahani yenye mpira, springi, na kiti chake. Punje moja ya mchanga ikikaa kati ya sahani na kiti inatosha kuiacha wazi. Kwenye maji ya visima vya pwani, ambayo mengi yana chumvi, gamba jeupe hujijenga juu ya kiti mpaka mpira haukai vizuri. Mara nyingine kuifungua, kuipiga mswaki na kuirudisha kunamaliza kila kitu. Nikiambiwa nitaje kifaa kimoja kinachozisingizia pampu nyingi ubovu, nitaitaja hii.

Kama uvujaji uko ndani, usianze kupasua kuta kutafuta bomba. Anza na vyoo. Tangi la choo cha kuvuta linaweza kupitisha maji kwenye bakuli usiku kucha bila sauti, kwa sababu mpira wa chini umekakamaa au boya limepandishwa mno na maji yanaingia kwenye bomba la kufurikia. Mimina rangi ya chakula au kikombe cha rozela nzito ndani ya tangi la choo, usivute, rudi baada ya nusu saa. Bakuli likiwa jekundu, umempata mwizi. Angalia pia boya la tangi la juu kama pampu inalijaza hilo, na koki ya bustani ambayo kila mtu anaamini mwenzake ameifunga.

Njia nyingine ya ufundi inayopendwa ni kukaza nati ndani ya swichi ya presha. Kelele ikizidi, nati inazungushwa. Ikipungua kidogo, fundi anapewa chai. Kinachotokea ni kwamba presha ya kuwashia na ya kuzimia zimesogezwa, lakini upepo wa tangi umeachwa ulivyokuwa, na sasa haviendani tena. Wiki mbili baadaye mtu mwingine anaizungusha upande wa pili. Swichi hizo zinatosha kwa nyumba nyingi zikiachwa zilivyotoka kiwandani.

Pampu zisizo na tangi, zenye kontrola ya elektroniki na vitaa vyake, zina tabia yake. Kontrola huwasha presha ikishuka kiasi fulani, mara nyingi bar 1.5, na huzima maji yakiacha kupita. Hazina akiba ya maji hata kidogo, hivyo koki moja inayodondosha tone tone inatosha kuziamsha usiku kucha. Ukiibadilisha pampu ukaacha koki inadondosha, umenunua kelele mpya. Ziba uvujaji, au ongeza tangi dogo la presha mbele ya kontrola.

Nirudi kwenye kipande cha pili cha hukumu, kwamba dawa ni kubwa. Hapa hesabu inasema yenyewe. Chukua bafu moja linalotumia lita 10 kwa dakika, tangi lenye lita 8 za mapumziko, na pampu ya nusu hospawa inayotoa lita 20 kwa dakika. Tangi linatoa maji sekunde 48 pampu ikiwa kimya, kisha pampu inawaka na kulijaza kwa sekunde 48 huku mtu akiendelea kuoga. Mzunguko mzima ni sekunde 96. Weka pampu yenye uwezo maradufu, lita 40 kwa dakika. Mapumziko yanabaki sekunde 48 zile zile, lakini sasa kujaza kunachukua sekunde 16. Pampu inawaka mara nyingi zaidi na kila mara inafanya kazi kwa muda mfupi zaidi.

Hiyo ni kwa tangi zima. Kwa tangi lililopoteza hewa, lenye lita 1 tu ya mapumziko, pampu ndogo itawaka kila baada ya sekunde 12, mara 300 kwa saa moja ya bafu wazi. Pampu kubwa itawaka kila baada ya sekunde 8, mara 450, na kila mara inanguruma kwa sekunde mbili. Fungua kijitabu kilichokuja nayo, kile kinachobaki ndani ya boksi: watengenezaji huandika idadi ya juu ya kuwaka kwa saa, na kwa pampu nyingi za nyumbani ni 20, 30 au 40. Sababu ni joto. Mota inapoanza huvuta mkondo wa umeme mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na feni yake ya kupoza hufanya kazi mota inapozunguka tu. Ikizunguka sekunde 48, joto la kuanza linapata nafasi ya kupeperushwa. Ikizunguka sekunde mbili, joto linarundikana juu ya joto, kapasita inavimba, na ncha za swichi zinaungua hadi zinashikana.

Kwa hiyo pampu iliyoambiwa imechoka wakati haijachoka, itachoka kweli. Ikiachwa miezi katika hali hiyo itaungua, na fundi wa kusuka mota atathibitisha kwamba waya zake zimekuwa nyeusi. Hapo watu husema: si tuliwaambia?

Hata hoja ya ukubwa wa nyumba haisimami peke yake. Pampu nyingi ndogo za nusu hospawa zina kibao kinachoonyesha kwamba zinaweza kusukuma maji mita 30 au zaidi kwenda juu. Maji yakipanda mita 10 hupoteza takribani bar 1. Bafu la ghorofa ya kwanza, mita sita juu ya pampu, linadai bar 0.6 tu ya kupandia. Kama watu watatu wanaoga kwa wakati mmoja na mtu wa nne anafua, sawa, tuzungumze juu ya lita kwa dakika, na pengine pampu kubwa inahitajika kweli. Lakini dalili ya upungufu huo ni maji kuwa membamba bafuni wakati pampu inanguruma bila kupumzika. Ni dalili nyingine kabisa.

Anayetilia shaka hoja hii aende kuitazama mahali ambapo hakuna tangi wala presha: kwenye pampu ya shimo. Ndugu zetu waliohamia Ohio, Minnesota au Ontario wanaijua. Nyumba nyingi za huko zina chumba chini ya ardhi, na kwenye kona ya sakafu yake kuna shimo ambamo maji ya ardhini hukusanywa; theluji inapoyeyuka mwezi Machi na Aprili, pampu iliyozama humo hufanya kazi usiku na mchana. Dar es Salaam nayo inazo, kwenye maegesho ya chini ya maghorofa ya katikati ya jiji, na kwenye nyumba za maeneo ya pwani ambako ukichimba kidogo unakutana na maji. Kinachoiwasha na kuizima ni boya: maji yakipanda linanyanyuka, linawasha, yakishuka linazima.

Huko nako hukumu ni ile ile. Ikiwaka na kuzima kila mara, imechoka, weka kubwa. Huko nako mantiki ni ile ile: pampu ya shimo iliyochoka haizimi, kwa sababu haiwezi kushusha maji hadi boya lilale. Inayozima imemaliza maji ya shimo. Swali ni kwa nini yamerudi haraka.

Mara nyingi yamerudi kwa bomba lile lile yaliyopandia. Bomba la inchi moja na nusu hubeba zaidi ya lita moja kwa kila mita. Shimo lenye kipenyo cha sentimita 45, ambalo boya lake limefungwa fupi kiasi kwamba kati ya kuwaka na kuzima kuna sentimita 5 tu, linatolewa lita 8 kila mara. Bomba la kutolea likiwa na mita 8 zinazopanda, na valvu ya njia moja ikawa haipo au imekwama wazi, pampu ikizima tu lita 8 na zaidi zinaanguka shimoni. Boya linanyanyuka. Pampu inawaka. Maji yale yale yanapandishwa na kuangushwa mchana na usiku, hata wakati wa kiangazi, na mwenye nyumba anaamini anapambana na mafuriko.

Utajuaje? Pampu inapozima, chora mstari kwa chaki kwenye ukuta wa shimo pale maji yalipoishia. Maji yakiruka sentimita kadhaa ndani ya sekunde chache na kisha yakatulia, yametoka kwenye bomba. Yakipanda polepole bila kusimama, yanatoka ardhini. Huhitaji zaidi ya hapo. Na kabla hujaingiza mkono kwa ajili ya kufungua boya au kuondoa takataka, zima umeme kwenye sakiti breka. Kuchomoa plagi kwa mkono mbichi huku umesimama kwenye maji si ujasiri.

Kama yanatoka ardhini, bado usikimbilie dukani. Nenda nje uone bomba linamwaga wapi. Nikiona bomba la pampu ya shimo linamwaga mita moja kutoka ukutani, huwa sina swali la pili: maji yanazama palepale, yanafuata msingi, yanarudi shimoni. Yapeleke mita tatu au zaidi, upande ambao ardhi inateremka, na si kwenye kiwanja cha jirani. Kisha tazama boya limewekwa wapi. Kuna watu huliweka chini kabisa ili shimo liwe kavu. Kama kiwango cha maji ya ardhini katika mtaa wenu kiko juu ya sehemu hiyo, unajaribu kukausha mtaa mzima kwa pampu ya nyumba moja. Pandisha boya juu, maadamu maji yanabaki chini ya sakafu. Shimo lenye maji kidogo chini yake halina ubaya wowote, na lita nyingi kati ya kuwaka na kuzima ndizo zinazoipumzisha pampu, kama ilivyo kwa tangi la presha. Pampu kubwa katika shimo dogo hulimaliza kwa sekunde nne badala ya nane, basi.

Sasa hoja nzito ya upande wa pili, ambayo sitaikwepa kwa sababu wenye kuisema wameona kwa macho: "Mimi nilibadilisha pampu na tatizo likaisha." Nawaamini. Lakini waulize walinunua nini. Pampu ya presha huuzwa mara nyingi kama seti: mota, tangi jipya lenye upepo wa kiwandani, swichi mpya, geji mpya. Fundi anapoifunga huweka na valvu mpya ya njia moja, kwa kuwa ile ya zamani ilikatwa pamoja na bomba. Vitu vyote vilivyokuwa na kosa vimebadilishwa, na kile kimoja kisichokuwa na kosa kimebadilishwa pia, nacho ndicho kikapewa sifa. Baada ya mwaka au miwili upepo unapungua tena, kelele inarudi, na watu wanalaumu bidhaa za siku hizi. Na pale fundi anapobadilisha mota peke yake akaliacha tangi la zamani, tatizo halikai hata hadi jioni. Habari hizo hazisimuliwi sana.

Upande wa umeme nao una imani yake, kwamba tokeni zinaliwa na kule kuwaka mara kwa mara. Si hivyo hasa. Mkondo mkubwa wa kuanzia hudumu sehemu ya sekunde tu, na mita haiuhesabu kwa wingi. Kinachokula uniti ni pampu kufanya kazi wakati hakuna anayetumia maji. Pampu inayovuta takribani kilowati moja, ikiwaka sekunde tatu katika kila nusu dakika kwa sababu choo kinapitisha maji, itatumia karibu uniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu haki yake yote imekwenda kwenye mpira wa choo.

Sisemi mafundi wetu ni waongo. Wengi wao wanaijua kazi kuliko mimi, na mikono yao inaonyesha. Kosa ni la namna tunavyowalipa. Tunamlipa fundi anapofunga kifaa kipya. Akija, akafunga valvu, akatazama geji dakika kumi, akasema tatizo ni punje ya mchanga, tunampa nauli na kumwambia hakufanya kitu. Mtu aliyelipwa nauli kwa ukweli na laki kwa pampu atajifunza haraka kipi cha kusema. Duka nalo halina faida yoyote katika upepo wa tairi.

Pampu huzeeka, bila shaka. Ikipiga kelele ya vyuma kusagana, beringi zimekwisha. Ikivuja pale mhimili unapoingia kwenye kasha, sili imekufa. Ikiangusha breka kila inapowashwa, umeme unavuja ndani yake na usiiguse. Ikinguruma bila kuzima koki zote zikiwa zimefungwa, na bomba la kuvutia halinyonyi hewa, hapo ndipo unaweza kusema imechoka. Orodha hiyo haina kuwaka na kuzima.

Kwa hiyo, mama, mzee, kabla hujatoa fedha ya pampu mpya, mwambie fundi mambo mawili tu: apime upepo wa tangi likiwa halina maji, na afunge valvu ya kwenda nyumbani mtazame geji pamoja. Akikubali, mlipe kwa hilo peke yake, na mlipe vizuri.